Mguu Kutoka Longech

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi cha Lodwar tangu saa kumi na mbili asubuhi. Alipoulizwa shida yake, alisema amekuja kufungwa.

"Kufungwa kwa kosa gani, mama?" askari wa zamu akauliza.

"Nimevunja mguu ya mtu amekufa."

Askari akacheka. Kisha akaona mama mwenyewe hacheki, akaenda kumwita Inspekta Akiru.

Mama huyo aliitwa Nakaale. Kazi yake ilikuwa kukausha samaki kule Longech, ukingoni mwa ziwa. Akiru alimwingiza ofisini, akampa maji, akamsalimu kwa lugha yao. "Ejok." Nakaale akaitikia, lakini maelezo yake akaomba kuyatoa kwa Kiswahili.

"Kwa nini, nawe unaongea na Mturkana mwenzako?"

"Marehemu alikuwa Mrundi. Kiturkana hajui. Ni haki yake asikie vile ninasema."

Akiru alitazama pembe za ofisi, kisha akafungua daftari.

"Sema, mama."

"Bwana yangu alivua ile mguu na nyavu, Ijumaa ile. Polisi ya Kalokol ikakuja jioni kuchukua. Sasa, kabla hawajafika, mimi nilikuwa nabeba karai ya samaki, sikuona chini. Nikakanyaga. Ikakatika, ka! Kama biskuti. Bwana yangu akasema nyamaza, polisi wataona imevunjwa na mawe. Nimenyamaza. Lakini sasa nikianika samaki mchana, mtu moja anasimama kwa maji, mpaka hapa." Akagusa goti. "Hasemi kitu. Anangoja mguu yake."

"Uliikanyaga kwa mguu mmoja au uliirukia?"

"Kwa moja. Wewe ni mtoto wa nani, unaniuliza maswali kama hii?"

"Na kilo zako ngapi, mama?"

"Nimekuletea roho inauma, wewe unataka kilo!"

Akiru hakuhitaji jibu. Hata na shanga zake zote shingoni, Nakaale asingefika kilo hamsini.

Alimwagizia chai, akamwambia asiondoke kwanza, akaenda stoo ya vielelezo.

Faili lilikuwa mezani kwake kwa siku nne, likisubiri sahihi. Nestor, mkimbizi kutoka Burundi, fundi wa karakana ya miguu ya bandia Kakuma. Yeye mwenyewe alipoteza mguu wa kulia chini ya goti akiwa kijana. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatatu, mkuu wake wa kazi alimtuma Longech kumpima mvuvi mmoja mguu. Hakurudi. Ijumaa wavu ukanasa mguu wa bandia wenye alama N-01 kwa ndani. Mkuu wake akautambua: ni mguu wa Nestor, wa kwanza kabisa kutengenezwa pale. Ikaandikwa kwamba mtumbwi ulizama. Sahihi ya Akiru ndiyo iliyobaki, msako ufungwe na Nestor awe marehemu kwa karatasi.

Aliutoa mguu kwenye mfuko. Mweusi, mwepesi, umekatika juu kidogo ya kifundo. Mahali ulipokatika palikuwa pamenyooka, laini kama sahani. Aliinamisha kipande dirishani. Ndani ya plastiki kulikuwa na uzi mweusi mwembamba kama unywele, umezunguka na kuzunguka, duara ndani ya duara. Akapitisha kucha ubavuni, akahisi mistari: pete juu ya pete, toka chini hadi juu.

Kwenye faili palikuwa na picha ya Nestor akicheza mpira na vijana wa kambini. Mtu mpana, mwenye tumbo. Kilo tisini, karatasi ya kliniki ilisema. Alikuwa ameutembelea mguu huo miaka miwili.

Akiru aliufunga tena mguu, akachukua funguo za gari.

*

Karakana ilikuwa pembeni mwa kambi ya Kakuma, ukumbi mmoja wa mabati wenye feni mbili. Mashine ya kuchapa miguu ilikaa mwisho wa ukumbi, kubwa kama friji ya soda, mlango wake wa kioo. Ndani ya kioo pua ndogo ya chuma ilikwenda na kurudi ikimwaga plastiki, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, na pua ya pili ikiifuata nyuma ikilaza uzi.

Kando ya mashine palikuwa na kiti kitupu, koti la kazi la kijivu limening'inizwa mgongoni. Kijana mrefu aliyekuwa akifanya kazi pale alikuwa amesimama.

"Kiti kimeharibika?" Akiru akauliza.

"Hapana, madam. Ni ya Nestor."

"Nestor hayupo."

Kijana akaangalia mashine. "Hiyo ndiyo sisi tunaulizana."

Jina lake Makuei, Mdinka wa Sudan Kusini. Kabla hajaendelea, mkuu wa karakana alitokea ofisini akifuta miwani kwa shati. Baudouin, Mkongo, mtu wa miaka hamsini hivi, sauti ya kanisani.

"Bonjour, mama inspekta. Karibu, karibu. Nestor alikuwa ndugu yangu kabisa, kweli Mungu. Umetuletea karatasi ya kuzika?"

"Bado. Makuei alikuwa ananiambia kitu kuhusu mashine."

"Ah, banasema mambo mingi hapa. Vijana. Banaona majini."

"Si jini," Makuei akasema. "Iko kwa kumbukumbu. Kila mtu akiingia na namba yake ya siri, mashine inaandika. Mimi Jumatano asubuhi nimefungua, naona imeandika: Jumanne, saa mbili asubuhi, karibu Nestor. Imefanya kazi masaa kumi na moja. Na Jumatatu Nestor alikuwa ameshaenda na maji."

"Jumanne hiyo wewe ulikuwa wapi?"

"Siku ya mgao, madam. Karakana imefungwa. Kambi yote iko kwa laini ya chakula. Mimi nilikuwa laini tangu alfajiri, mpaka kadi yangu imepigwa saa nane."

"Ilichapa nini?"

"Haionyeshi tena. Imefutwa. Nimekuta tu haijazimwa, ndani kuna joto bado. Na kile kipande cha plastiki cha kuanzia kazi, kimetupwa chini." Akaonyesha sakafu. "Nestor hatupi chini. Hata akiwa amekufa."

Baudouin akaguna. "Namba ya Nestor ni siku ya kuzaliwa ya mtoto wake. Kila mtu anaijua. Huyu Makuei anaitumia kila siku, muulize! Atakuwa alichapa kitu yake ya wizi, sasa anatuletea mzuka."

Makuei hakukana. "Naitumia, ndiyo. Kwa sababu faili za Nestor ziko kwa jina lake. Lakini siyo siku hiyo."

Akiru aliandika saa nane, kadi ya mgao. Hilo lingeulizwa na kujibiwa kabla ya jioni. Aligeukia mashine kama mtu anayeona kitu hicho mara ya kwanza, na kwa kweli ilikuwa mara ya kwanza.

"Mama yangu alisuka vikapu vya mkoma. Hayo ndiyo ninayoyajua. Haya ya kwenu siyaelewi. Mzee Baudouin, wewe ndiye mkuu. Nionyeshe mguu unavyochapwa."

Baudouin alifurahi. Alivuta kompyuta, akaketi, si kwenye kiti cha Nestor, akafungua faili la mguu wa mteja. Kwenye kioo mguu ulitokea umesimama wima, kama mtu anayengoja kuvishwa kiatu. "Hapa unachagua nailoni. Hapa unachagua uzi wa kaboni. Uzi njo nguvu yake, mama. Uzi moja, haukatiki katikati, unaanza na kumaliza. Inashinda chuma. Sasa unabonyeza hapa, basi, unaenda kunywa chai."

"Basi?"

"Basi. Mashine ina akili."

Akiru alikuwa akitazama mikono ya Makuei. Vidole vilikuwa vimejikunja juu ya meza, kama mtu anayeona sufuria ikifurika jikoni kwa wenyewe.

"Makuei, na wewe nionyeshe. Faili lilelile."

Kijana alichukua kipanya. Mguu ulitokea umesimama wima. Kabla hajafanya lolote jingine aliukamata na kuulaza chini, chali, akaweka vipande vya kuushikilia ubavuni, akavikagua upande huu na upande ule. Muda kwenye kioo ukaruka kutoka masaa kumi na moja hadi masaa kumi na tisa.

"Kwa nini unaulaza? Unachelewa."

"Nestor ametufundisha. Uzi unafuata tabaka. Mguu ukisimama, uzi unazunguka tu, pete, pete, pete, kama kikapu ya mama yako. Hakuna uzi unaotoka goti kwenda chini. Ukikanyaga unaachana hapo kati ya pete. Ukilala, uzi unakimbia toka goti mpaka kifundo, hata ng'ombe akanyage." Akaona mkuu wake anamtazama. "Mashine yenyewe inapenda kusimamisha, kwa sababu ni rahisi. Ukibonyeza tu, inasimamisha. Siku ya kwanza kila mtu anakosea hapo."

"Ni kupoteza wakati," Baudouin akasema. "Miye niko mtu wa ofisi, sibishani na mafundi. Lakini ile mguu ya ziwani, mama, umeona nini juu yake?"

"Nimeona umevunjika."

"Eeh. Mawe ya kule ni mabaya sana."

"Mabaya," Akiru akakubali. Akafunga daftari. "Nani ana ufunguo wa ukumbi siku ya mgao?"

"Miye peke yangu. Lakini sikufika. Bibi yangu alikuwa mgonjwa."

"Pole yake."

Alimwacha mlangoni konstebo aliyekuja naye, kwa maneno ya kusikika: amsaidie mzee kutafuta kitabu cha wageni. Kwa maneno yasiyosikika: mzee asishike simu wala kompyuta, wala asitoke.

Makuei alimfuata hadi kwenye gari, akajifanya anatazama gurudumu.

"Madam. Nestor hakuenda Longech."

"Alikwenda wapi?"

"Lodwar, kwenu, kushtaki. Kuna shosho, bibi mzee wa Kalobeyei, alianguka, mguu tuliomchapia ulimkatikia njiani, akavunjika nyonga. Nestor akauchukua huo mguu, akaupasua na msumeno hapa mbele yangu. Ndani nyeupe. Nyeupe yote, hakuna uzi hata moja. Akaniambia, Makuei, tumemvalisha mama wa watu keki. Roli za uzi ziko kwa kabati, ufunguo ni wa mzee. Zinaisha haraka kuliko miguu. Watu wanasema zinapanda lori kwenda Loki, mpakani, kuuzwa. Akaweka ile nyeupe kwa begi, Jumatatu asubuhi, akaondoka."

"Kwetu hakufika. Na wewe hukusema?"

"Nimwambie nani? Mzee alisema Longech, polisi ikaandika Longech. Halafu mashine ikaandika karibu Nestor." Aliinuka, akapangusa vumbi la magoti. "Mimi ni mkristo, madam, lakini hiyo kiti siwezi."

*

Nyumba ya Pascaline, mke wa Nestor, ilikuwa ya matofali ya udongo, paa la mabati, mlango wa mbao wenye komeo la ndani. Akiru aliegesha gari mbali, kando ya kanisa, akaja kwa miguu. Mwanamke aliyefungua alivaa kitenge cheusi na kubeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi, mashavu yake bado yana uji.

"Afande. Mmempata?"

"Sijaja na mwili, dada. Nimekuja na swali."

Pascaline alimkaribisha, akafunga mlango, akarudisha komeo. Akiru aliliona komeo, akaona na maji kwenye bakuli nyuma ya mlango, na msalaba wa chaki juu yake.

"Hayo ni ya nini?"

"Mama wa maombi aliniambia." Pascaline aliketi kitandani, akamweka mtoto sakafuni. "Ni aibu kumwambia polisi."

"Leo asubuhi nimeshaambiwa ya aibu zaidi."

Ilichukua muda. Mwanamke alimfuta mtoto uji, akaukunja upande wa kitenge, akaukunjua. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Anakuja."

"Nani?"

"Mume wangu. Mchana, ile saa bomba la maji linafunguliwa, watu wote wanakimbia na mitungi, uchochoro unabaki mtupu. Mimi jirani ananichotea kwa sababu ya mtoto. Ndipo nasikia hatua zake. Afande, hatua za Nestor mtu hawezi kuzikosea. Moja laini, moja ngumu. Zinakuja mpaka hapa. Anagonga mara mbili. Hasemi kitu."

"Na mtoto?"

"Mtoto anacheka. Anakwenda mlangoni anasema baba, baba. Mama wa maombi akasema watoto huwaona. Akaniambia nisifungue kamwe, nikimfungulia atamchukua mtoto. Nimwombee apumzike, nimwambie aende."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia. Nestor, nenda, usirudi hapa. Sisi tuko salama, wewe nenda tu."

"Kimoyomoyo?"

"Kwa sauti. Niliambiwa wafu hawasikii vizuri."

Akiru alitazama lile komeo. Nje mtu alipita akiburuta mtungi mtupu.

"Halafu?"

"Halafu zinasimama kidogo. Halafu zinaondoka."

"Dada Pascaline, nisikilize vizuri, halafu unibishie kama nimekosea. Mguu uliovuliwa Longech umekanyagwa na mama mwembamba, ukakatika. Mumeo alicheza mpira na wake. Ule wa ziwani ulichapwa umesimama. Nestor asingeuchapa hivyo hata usingizini. Aliyeuchapa ni mtu anayejua kubonyeza tu, siku moja baada ya mumeo kutoweka, na leo nimemwona kwa macho yangu akibonyeza vilevile."

"Baudouin," Pascaline akasema mara moja.

"Sijataja jina. Sasa jiulize. Kama mumeo angekuwa maiti mikononi mwa mtu huyo, angetupa mguu gani ziwani?"

Pascaline aligeuza macho mlangoni.

"Angetupa wa kweli. Ungekuwa pale pale, haumgharimu kitu. Alihangaika siku nzima kutengeneza mwingine kwa sababu wa kweli hakuwa nao. Ulikwenda na mwenyewe. Alitaka tuache kumtafuta, tufunge faili, ili yeye abaki kumtafuta peke yake, yeye na ushahidi alioubeba begini."

"Lakini mtu mzima angeita. Angesema ni mimi."

"Mtu anayejificha haiti. Anagonga, anasubiri. Akisikia mke wake anamwambia kwa sauti kubwa nenda, usirudi, anafikiri nini?"

Uso wa mwanamke ulibadilika polepole, kuanzia mdomoni.

"Anafikiri ndani kuna watu," akasema.

"Anafikiri unamwonya. Anakutii."

Pascaline aliteremka kitandani, akaketi sakafuni karibu na mtoto, kama mtu ambaye kitanda kimekuwa juu mno.

"Nimemfukuza mara nne, afande. Jana nimemfukuza kwa Zaburi. Jua lile, hana chakula, na mimi nasoma Zaburi." Alianza kucheka, akaziba mdomo, na kilichotoka kati ya vidole hakikuwa kicheko tena. "Na kama umekosea? Ukikosea, mimi nafungulia nini?"

Akiru alikuwa na jibu la kiofisi. Hakulitoa.

"Anaweza asije leo," alisema. "Nitakaa kule kwenye pembe, nyuma ya pazia. Akija, uamuzi ni wako. Mimi siwezi kukufungulia mlango wako."

Saa nane kasoro kidogo, mtu alipiga kelele mbali kwamba maji yametoka. Uchochoro wote ukajaa vishindo vya kandambili na mitungi inayogongana, wanawake wakiitana, mmoja akimtukana mwenzake kwa kukata laini kabla laini haijakuwapo. Kisha kelele zikahamia bombani, na uchochoro ukabaki na joto lake. Mabati ya paa yalilia kidogo kidogo kwa jua. Mtoto alikuwa akichezea kijiko.

Mtoto ndiye aliyeinua kichwa kwanza.

Hatua zilikuja toka upande wa korongo, si haraka. Moja laini. Moja ngumu. Laini. Ngumu. Akiru alizihesabu nyuma ya pazia mpaka akaacha kuhesabu, kwa sababu nywele za mikono yake zilikuwa zimesimama, na yeye ndiye aliyekuwa na hoja zote. Zilisimama mlangoni. Kivuli kikaingia chini ya mbao.

Mlango ukagongwa mara mbili.

"Baba," mtoto akasema.

Pascaline alikuwa amesimama katikati ya chumba. Midomo yake ilianza kwenda yenyewe, maneno yaleyale ya siku nne, na Akiru akaona jinsi alivyoyameza moja baada ya jingine.

"Kama ni wewe," akasema hatimaye, sauti ikimtoka kwa vipande, "ingia. Na kama si wewe, ingia vilevile."

Kivuli hakikusogea.

Kisha sauti ya mwanamume, iliyokauka kama ya mtu ambaye hajasema na watu siku nyingi, ikauliza karibu kabisa na ufa wa mlango:

"Uko peke yako?"

Pascaline aligeuka, akamtazama Akiru machoni kupitia pazia lililokuwa jembamba. Alimtazama sana.

"Hapana," akasema. "Lakini ingia."

Akavuta komeo.